Mti wa Fa Haukutaka Kisumu

Jumatatu, 5 Oktoba 1987
Mungu hakunisahau! Wakoli, fundi wa baiskeli, ametoka kwao Mlima Elgon na mche wa fa, ule mti wa Krismasi wa Wazungu. Nimeukagua kwa kitabu. Majani bapa, laini, moja moja. Chini yake mistari miwili myeupe. Ndio wenyewe! Jirani Shitanda huuza matawi ya saipresi kila Desemba. Mwaka huu atalia. Mke wangu Milka akasema jina lenyewe lina kifo ndani.

Jumatano, 7 Oktoba
Kitabu kinasema fa humea milimani. Nimeupanda Milimani, mtaa wa matajiri hapa Kisumu! Kwa Mama Lornah, mke wa daktari, ninayemtunzia bustani. Nimemwahidi kufikia Krismasi utapita dirisha. Sasa unanifikia gotini. Akauliza kama nina hakika. Mimi!

Jumatatu, 12 Oktoba
Majani yanageuka kahawia. Wakoli alicheka hadi akashika ukuta. Eti Milimani ni jina tu. Mti unataka ukungu na baridi ya kule juu. Angesema mapema! Shitanda amepita mara tatu akipiga mluzi.

Alhamisi, 15 Oktoba
Baridi nimepata. Milka ana sanduku la samaki, mbuta wa Asembo Bay wa kuuza kesho. Nilichukua nusu ya barafu. Sawa, yote. Nimeizika mizizini.

Ijumaa, 16 Oktoba
Samaki wameoza wote. Wateja wa miaka sita wamehamia kwa mwingine. Milka alikunja nguo, akamchukua binti yetu Apiyo, akaenda kwa dada yake kule Katito. Nyumba inanuka samaki na aibu.

Jumanne, 20 Oktoba
Mti umekufa. Niliugusa tu, majani yakamwagika. Mama Lornah akasema, kwa upole unaouma kuliko tusi, "Bwana Gordon, usirudi tena." Shitanda akaniletea ugali na omena. Nikala. Nikalia. Mbele yake!

Jumapili, 25 Oktoba
Katito. Nilipiga magoti mbele ya shemeji na majirani zake wote. Milka akasema, "Baba Apiyo, apa kwamba umeachana na miti." Nikaapa kwa Biblia. Akasema atafikiri mpaka mwisho wa mwezi. Nikatoka mtu mpya kabisa. Pale sokoni kuna mama anauza miche ya plamu kutoka baridi ya Limuru. Plamu si mti hasa. Ni tunda. Nimenunua minne.