Mlango Namba 554

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: juu ya kabati la vitambaa, katika chumba cha ushonaji cha shangazi, nimeficha kamera. Sababu ni nzito. Kuna mtu anakunja kona za kurasa za kitabu nilichoazima maktaba! Namshuku Msumari, fundi wa vifungo, mtu mzima mwembamba kama jina lake. Ananiita Mheshimiwa Miwani. Hainiumi. (Inaniuma.)

Ili nimchunguze nikiwa shuleni, nimefungua mlango namba 554 kwenye kisanduku cha intaneti. Si mlango wa kuonekana. Ni njia yenye namba, na video za kamera hupita humo. Nenosiri nimeacha lile la kiwandani. Mambo ya kukariri ninayo tele, mtihani u karibu.

Jumanne, 4 Machi

Mapumziko, maabara ya kompyuta. Picha safi! Msumari anashona vifungo, kitabu hata hakitazami. Shangazi anashona sampuli ya sare za wauguzi. Matroni wa hospitali atakuja kuiona Alhamisi saa tisa. Akiipenda, shangazi atawashonea wauguzi wote. Fundi wa ng'ambo ya barabara naye anaitaka kazi hiyo, ndiyo maana shangazi amesema mfuko wa sare aliobuni asiuone mtu, hata mimi. Nimeuona. Lakini mimi si mtu, mimi ni jamaa.

Pembeni mwa picha pameandikwa: Watazamaji 2. Mimi ni mmoja. Labda kompyuta inanihesabu mara mbili kwa sababu ya miwani.

Jumatano, 5 Machi

Watazamaji 5. Na kamera imegeuza shingo! Sikugusa kitu. Iligeuka polepole, ikaipita pasi, ikampita Msumari, ikasimama mbele ya mfuko. Kisha ikauvuta karibu. Nimejiambia ni upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Mkunja kona nimempata: ni shangazi mwenyewe! Anasoma akisubiri pasi ipate moto. Kamera ilipaswa kutoka leo. Lakini amenipita kurasa arobaini, nataka kujua anafika wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Watazamaji 11.

Saa nane na nusu nilimweleza mwalimu wa kompyuta kwamba rafiki yangu ana tatizo. Akauliza kama rafiki huyo huvaa miwani. Akasema kuna watu kazi yao ni kuzunguka mtandaoni wakijaribu milango ya kamera, mmoja mmoja, na nenosiri la kiwandani wanalijua kuliko majina ya watoto wao. Mlango ufungwe sasa hivi! Akaniazima simu. Nikamwandikia shangazi: "Shangazi, funga mlango haraka! Kuna watu wanatuangalia! Usimfungulie yeyote!"

Shangazi ni mtu wa vitendo. Akafunga mlango. Wa mbao. Komeo juu, komeo chini, cherehani nyuma yake. Niliyaona yote kwenye picha. Saa tisa kamili wakashtuka wote wawili: mtu anabisha. Msumari akanyakua mkasi. Shangazi akaweka kidole mdomoni. Sisi watazamaji kumi na mmoja tukabana pumzi. Halafu kofia nyeupe ya Matroni ikapita dirishani, ikavuka barabara kwenda ng'ambo.

Jumamosi, 8 Machi

Jana shangazi aliipeleka sampuli hospitali mwenyewe. Matroni akamwambia hajapata kufungiwa mlango na mtu anayeomba kazi. Tena fundi wa ng'ambo amemwonyesha mfuko huohuo, sasa nani mwizi? Ataamua Jumatatu. Shangazi hakula. Akaniuliza ni akina nani waliokuwa wanatuangalia. Nikajibu kwamba ni habari ndefu. Msumari akasema Mheshimiwa Miwani akikuambia habari ni ndefu, ujue yeye ndiye sura ya kwanza.

Nilifungua mdomo niseme. Nikaufunga. Ndio mlango pekee nilioufunga vizuri wiki hii.

Nimepata njia bora kuliko kukiri: Matroni amwone shangazi akibuni, ajue nani fundi na nani mwigaji. Leo asubuhi nimefunga 554 kabisa. Nimefungua 8554, namba ndefu, nani ataikumbuka? Nenosiri nimeliondoa, Matroni asihangaike. Kabla hata sijamtumia anwani, watazamaji walikuwa sita. Nimefarijika sana. Kizuri chajiuza.

Nikamtumia Matroni anwani. Nikaisogeza kamera karibu na meza. Kisha nikaenda kumshikia shangazi utepe, akaanza kukata mfuko mwingine, mpya kabisa, ambao ameniapisha nisimwonyeshe mtu.