Vita Vyangu na Godoro la Runingani

Jumatatu, 4 Machi

Nimegundua adui yangu anaishi sebuleni kwangu! Si mama mkwe. Mama mkwe ni mtu mwema, ila anazungumza na runinga. Adui ni tangazo la godoro la springi. Linatoka kila jioni katikati ya tamthilia. Mwanamke wa gauni jeupe amelala. Kando yake, juu ya godoro hilohilo, glasi imejaa maziwa. Mumewe anakuja mbio, anajirusha kitandani mzimamzima. Maziwa hayamwagiki hata tone! Mwanamke anatabasamu usingizini, jina la godoro linajaa kioo kizima, tamthilia inaendelea.

Mimi ni fundi wa magodoro ya pamba, kama marehemu baba. Mke wangu ndiye anayeyashonea vitambaa, cherehani yake iko palepale karakanani, ubavuni mwangu. Na jioni hii mke wangu huyohuyo amelitazama tangazo lile akashusha pumzi ndefu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mgongo. Nikamkumbusha kwamba analala juu ya kazi ya mikono yangu. Akasema anajua, na mgongo wake nao unajua.

Mimi sidanganyiki na matangazo. Bahati mbaya nimeoa mtu anayedanganyika.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amekuja. Ni mdogo wake mke wangu, anauza magodoro ya springi kwenye duka la fanicha pale kona. Tai shingoni, marashi mpaka mlangoni. Kaniletea fulana ya duka lao, eti nijaribu tu kama inanitosha. Anasema karakana yangu ikifungwa mwisho wa mwezi, kuna nafasi ya mchukuzi: kubeba magodoro ya springi na kuyapandisha ngazi. Amesema kwa huruma kabisa! Bora nitafune pamba zangu.

Lakini ukweli niuandike, hapa hakuna anayesoma. Wateja hakuna hata kwa dawa. Tumaini langu lote ni Mwenye Gesti, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Anataka kubadilisha magodoro ya gesti nzima. Akiagiza ya pamba, karakana imepona. Akiagiza ya springi, nitayabeba mimi, nimevaa fulana.

Jumapili huwa anakuja kwetu kutazama mpira, maana runinga ya gesti imetekwa na wageni. Hapo ndipo nimepata mpango! Shemeji mwenyewe alijigamba kwamba tangazo humwingia mtu kichwani kwa kurudiwarudiwa. Vizuri sana. Rimoti ninayo mimi. Tangazo likitoka, nazima sauti. Picha zao, maneno yangu! Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiria hili.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshinda karakanani nikitunga maneno. Mke wangu kaniuliza kama anishikie sindano wakati naangalia dari. Maneno yamepatikana: Mgongo unao mmoja tu, upe haki yake! Kisha: Njoo karakana ya magodoro ya pamba, mlango wa kijani, mkabala na gesti!

Jioni nikajaribu. Tangazo likaja, nikabonyeza, kimya, nikatoa sauti ya kifuani. Loo, tangazo lenyewe ni fupi! Nilipofika kwenye upe haki yake, jina la godoro lao limeshajaa kioo. Nilipofika mlango wa kijani, tamthilia imerudi na mama mkwe ananiambia ninyamaze.

Hata hivyo alitikisa kichwa kukubali. Akasema hayo ndiyo maneno, siyo yule bibi kulala tu. Nalala nikiwa na furaha isiyo kifani, ingawa kuna donge kwenye godoro upande wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Yanaingia! Mama mkwe anayasema kabla yangu. Mke wangu anayaimba kwenye cherehani, mguu unakwenda na mdundo. Mimi mwenyewe nimeoga nayo.

Kasoro ndogo: ile sehemu ya karakana bado hakuna aliyeisikia. Nimejaribu kusema harakaharaka, nikajing'ata ulimi. Nimejaribu kuanza na mlango wa kijani, mama mkwe akalalamika kwamba naharibu, akataka lile la jana. Basi na iwe hivyo. Lililo muhimu limeshawakaa vichwani. Hayo mengine mtu mwenye akili atayajaza mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Siku yenyewe! Mwenye Gesti akaja, akajimwaga kwenye kiti kikubwa. Roho yangu juujuu tangu mpira unaanza. Mapumziko yakafika, bibi wa gauni jeupe huyo! Nikabonyeza. Nikasema mgongo unao mmoja tu. Mke wangu na mama mkwe wakaitikia kwa pamoja, upe haki yake! Bibi akatabasamu papo hapo, jina likajaa kioo. Kwa kweli ilipendeza.

Mwenye Gesti alibaki na kikombe hewani. Lilipotoka tena, akaitikia na yeye. Akasema miaka yote analiona tangazo lile na halijawahi kumgusa, ila leo limemgusa. Ilibidi niende jikoni kuficha furaha. Nilikaa huko kidogo nikijipongeza. Niliporudi nikamkuta akizungumza na mke wangu kwa sauti ya chini, mke wangu anampimia kitu hewani kwa mikono miwili. Vipimo vya magodoro, ni nini kingine! Mpira uliishaje sijui.

Jumanne, 12 Machi

Kaagiza ya springi. Gesti nzima.

Shemeji kaja kunieleza mwenyewe, meno yote nje. Eti Mwenye Gesti aliingia dukani, akapiga kaunta kwa kiganja, akatangaza kwamba mgongo unao mmoja tu. Bosi wao aliyapenda maneno hayo akayaandika kwenye kioo cha duka. Nimepita nimeyaona. Herufi kubwa, nyekundu. Maneno yangu!

Nilirudi karakanani miguu mizito. Nikaishika ile sindano ndefu aliyoniachia baba, nikaona uchungu kweli, si mzaha. Nikamwambia mke wangu basi tena, anipe ile fulana. Akakata uzi kwa meno akasema magodoro yale huja bila mito. Alimweleza Mwenye Gesti juzi, nilipokuwa jikoni. Akasema tangazo zima watu wanakodolea macho maziwa, yeye alikuwa anatazama kichwa cha yule bibi kimelalia nini. Mwenye Gesti kaagiza mito ya pamba kwetu, kila kitanda miwili, na foronya zake. Na ataagiza tena na tena, kwa sababu wageni huondoka nayo.

Karakana imepona! Nimemkumbatia mke wangu mbele ya wapita njia. Machozi yamenitoka, pamba zikaninasa usoni, akanicheka mpaka akakaa chini.

Usiku nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Bila tangazo langu asingewaza mgongo. Bila kuwaza mgongo asingewaza mto. Kwa hiyo mito hiyo nimeiuza mimi. Sikumwambia mke wangu, asije akajisikia vibaya.

Alhamisi, 14 Machi

Magodoro yamefika gesti. Mchukuzi wa shemeji hakutokea, shemeji akaniomba nimsaidie upande mmoja. Nimekubali kwa sharti kwamba sivai fulana.

Nilikuwa na sababu yangu. Mwenye Gesti alipoingia kukagua chumba cha kwanza, nikatoa glasi ya maziwa niliyoificha nyuma ya mlango. Nikaitua katikati ya godoro. Nikarudi nyuma mpaka koridoni, nikaja mbio, nikajirusha. Maziwa mpaka ukutani! Nikapiga kelele za ushindi. Nikamwambia Mwenye Gesti ajionee alivyodanganywa.

Akasema anachoona ni godoro lililolowa. Shemeji akaniuliza kwa upole kama nimewahi kusoma maandishi madogo chini ya tangazo, yale yanayosema usijaribu nyumbani. Sijawahi. Nani anasoma chini wakati maziwa yako juu?

Kwa kifupi, godoro ni langu. Mwenye Gesti atakata bei yake kwenye malipo ya mito. Nimelibeba kichwani kuvuka barabara. Mke wangu alinipokea karakanani akajifunika uso kwa foronya, mabega yanatikisika. Nadhani alikuwa analia.

Jumatatu, 18 Machi

Tunalilalia sasa. Mimi kwa uchunguzi tu. Fundi lazima amjue mpinzani wake.

Niliyoyaona mpaka leo: mke wangu hasemi tena habari za mgongo, anaamka anaimba. Hilo si kitu. Kubwa ni kwamba mimi nimelala fofofo mpaka jua likanichoma usoni. Jana vilevile. Juzi vilevile. Nafika karakanani nakuta mke wangu kajaza nusu ya mito peke yake, anapiga mluzi. Godoro hili ni hatari kwa fundi mwenye kazi! Na hakuna anayewaambia watu!

Sasa nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Nilisifia changu, kumbe dawa ni kufichua ubaya wa chao. Jioni hii bibi wa gauni jeupe alipotokea, nikazima sauti nikasimama. Nikawaonya kwa sauti kali: Ukilalia godoro hili, jogoo atawika bure! Utachelewa kazini! Hutataka kuamka!

Mke wangu alifumba macho akatabasamu. Mama mkwe aliniuliza la kwake litakuja lini. Nikamuuliza kwani hakusikia, hatataka kuamka! Akasema amesikia vizuri sana, ndilo hilohilo analolitaka, na nimwambie shemeji asichelewe kulileta.

Kesho nitarudia, kwa sauti zaidi. Naona maneno yameanza kumwingia.