Vifungo Bwawani

Jumatano, 6 Agosti
Hili sijamwambia mtu: nikitoka shule hulala kifudifudi kando ya bwawa la Shangazi, nikitazama majani yakitoa viputo. Wakiniuliza, nasema nilikuwa maktaba.

Shangazi ni fundi cherehani. Bwawa liko nyuma ya nyumba yetu, dogo kama kitanda, na maji yake ni maangavu kama kioo, samaki wake huonekana hadi chini. Kazi yote hiyo ni ya mmea wa kijito cha bondeni, usio na mizizi, wenye manyoya kama mkia wa mbweha. Shangazi hufunga shada kwa uzi, hulitia kifungo kizito cha koti, hulizamisha. Basi. Binamu yangu, tunayemwita Injinia, aliwahi kumshauri anunue majani mekundu ya dukani. Shangazi akamuuliza, yakitorokea kijitoni, nani atayafuata? Sina la kuongeza. Ni mwanamke wa ajabu.

Leo ametangaza anahamia ghorofani mjini. Bwawa atamwachia mmoja wetu, mimi au Injinia. Ataamua Jumapili akirudi kuchukua mizigo.

Alhamisi, 7 Agosti
Injinia ameleta pampu ya hewa. Inakoroma. Ameniambia, haya mtoto wa vitabu, viputo ndivyo hivi. Majibu yangu huja nikishalala.

Lakini nina mpango. Majani machache, hewa kidogo. Majani mengi, hewa nyingi. Hesabu safi kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti
Leo sikukuu, hakuna shule. Nimepanda na kushuka bonde na ndoo ya majani hadi magoti yakagoma. Uzi ulipokwisha nilitumia kamba za viatu. Vifungo vya koti vilipokwisha nikakata vya shati la shule.

Mchana jua lilipowaka, bwawa zima lilichemka viputo. Injinia alizima pampu mwenyewe, akasema ndugu yangu, hapa umeniweza. Nilikosa pa kuweka mikono.

Jumamosi, 9 Agosti
Alfajiri samaki wote juu, midomo wazi, wanatweta. Mzee, yule mkubwa mweusi, amelala ubavu. Mimi nimesimama na kitabu.

Injinia alikuja mbio, akatumbukiza pampu, akachomoa majani kwa mikono miwili na kuyajaza beseni. Hakunicheka. Mzee alipojigeuza, Injinia akasema Shangazi hatasikia neno kwake. Sikujua ana moyo huo.

Jumapili, 10 Agosti
Shangazi aliokota shada kwenye beseni, akageuza kifungo, kisha akatazama kamba ya nguo, lilipoanikwa shati langu.

Alieleza taratibu kwamba majani hutoa pumzi penye jua tu. Usiku nayo huvuta, kama sisi, na umati ukilala chumba kimoja hewa huisha. Yakijaa hupunguzwa, sehemu kubwa ya maji ibaki wazi. Akampa Injinia mkasi wake mzuri, na bwawa. Mimi akanipa sindano nishone vifungo, akaniagiza nikatupe majani ya beseni kwenye mbolea.

Vifungo nilishona. Lakini majani yalikuwa bado mabichi, mazuri mno. Niliyabeba hadi kwenye pipa la maji la Mama, nikayatia yote. Nafasi ilibaki, nikateremka kijitoni kuongeza. Yakaelea. Nikachukua wembe, nikakata vifungo vya shati tena.

Kesho shuleni nitavaa sweta.