Mmea wa Teleza na Suti ya Fundi

Mtaa mzima ulimwita Teleza, na mwenyewe alilipenda jina hilo kama wengine wanavyopenda cheo. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa mlangoni kwa shangazi yake, akiwaza suti. Jumamosi angekwenda kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake, na mama yule alikwisha kusema: binti yangu haolewi na mtu wa nguo za kuazima. Teleza, tuseme ukweli, hata soksi alikuwa ameazima.

"Hebu nipishe ning'oe haya magugu," alisema shangazi. Kwenye nyufa za sakafu, kwenye kopo bovu, hata juu ya paa, ulikuwa umeota mmea wa majani manene, na ukingo wa kila jani umejaa vitoto. "Ukiugusa tu, watoto wanaanguka, wanaota. Na sijawahi kuumwagilia hata tone!"

"Shangazi, usitupe!"

Macho yalikuwa yamemng'aa. Enyi wenye tamaa, fungeni milango.

Alichagua mmoja mnono, akaazima kibanio cha nyusi cha shangazi, akanyofoa kitoto kimoja kimoja mpaka majani yakabaki laini. Akautia kwenye bakuli la kauri (alilipata wapi, tusiulizane), akaupeleka kwa fundi cherehani, mzee aliyesifika kwa kupenda vitu adimu.

"Shikamoo mzee wangu. Huu hauombi maji wala mbolea, na unazaa mara moja tu kwa miaka saba. Wakubwa wanauwinda, lakini nikasema hapana, aanze fundi wetu."

"Marahaba." Fundi, pini mdomoni, alipitisha kidole ukingoni mwa jani, penye vikovu vidogo. "Na wewe wataka nini?"

"Suti tu, mzee. Jumamosi naenda ukweni, mama mkwe ni yule mwalimu wa nyuma ya kiwanda cha sabuni."

Fundi akakohoa, akatema pini. "Kwa mwalimu? Basi hiyo nitaishona kwa mkono wangu mwenyewe, mwanangu."

Teleza akatoka anapiga mluzi. Mjinga kapatikana!

Jumamosi suti ilimkaa, jamani, ilimkaa! "Ivae ukifika karibu," fundi alikuwa amemuusia, "isije ikachoka." Akaivalia kichochoroni, akaingia sebuleni kwa mwalimu kifua mbele. Na nani ameketi kwenye kiti kikubwa? Fundi.

"Huyu ni kaka yangu," alisema mwalimu. "Kwetu, mjomba asiporidhika hakuna ndoa."

Teleza akampa mkono. Fundi akauvuta kwa upendo. Mkono ulirudi, shati likaonekana, na mkono mzima wa koti ukabaki kwa mjomba. Akainama kumwamkia mama mkwe, na suruali nayo ikaachia nyuma, krrr!

"Usijali," alisema fundi, akiukunja ule mkono wa koti vizuri. "Hiyo nimepiga bandi tu, uzi wa kushikizia. Suti yangu ni adimu, mwanangu. Naishona mara moja kwa miaka saba."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alijitahidi kununa, akashindwa.

"Mjomba, nisamehe," alisema Teleza, na kwa mara ya kwanza maishani alimaanisha. "Nampenda kweli."

"Basi mmea wako umejaa juu ya paa langu miaka mingi sasa. Ung'oe wote. Siku ukiisha, natia uzi wa kweli."

Nasikia bado yuko kule juu na soksi zake za kuazima. Mchumba wake anamshikia ngazi, anamhimiza. Akiung'oa mmoja, watoto kumi wanaanguka nyuma yake.