Sanduku la Menna na Tundu la Maji

Jumamosi, 4 Oktoba
Wingu zito kaskazini. Mto wetu, mkavu miaka mitatu, unashuka leo! Bonde zima meno nje. Kila shamba la mitende lina tundu lake ukutani, na hupati maji zaidi ya yanayopita hapo. Langu ni shubiri moja na nusu. La binamu yangu Hammou, jirani wa chini, ni shubiri mbili. Eti mitende yake ni mingi! Nimechukua mtaimbo. Mke wangu Menna akaniita kutoka nyumba ya shambani, nije kwanza tupandishe sanduku juu ya paa. Ndani yake mna mazulia saba aliyomfumia binti yetu Setti, kila mwaka zulia moja. Harusi ni mwezi ujao. Nikamjibu nakuja. Akaita tena. Nikamjibu nakuja. Tundu sasa linapitisha mbuzi na pembe zake. Hammou atakoma.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimekwisha. Maji yaliingia jana alasiri, yakavunja mlango wa nyumba, yakapanda hadi kifuani. Jioni mto ulipopungua, yakarudi nje kwa tundu lile lile, na vyangu vyote vikayafuata. Magodoro. Redio. Viatu vyangu vya sikukuu ya Idi, isipokuwa cha kushoto. Na sanduku. Menna ameketi kwenye ngazi, amenipa mgongo. Angenitukana ningepata nafuu. Wenzangu wote wamepata maji ya kufika kifundo cha mguu na wanamshukuru Mungu. Wamekuja kushangaa kwa nini nimezama peke yangu. Nimesema ni majaliwa. Walipoondoka nimeziba tundu kwa mawe na jasi, plasta yetu nyeupe, mpaka likarudi shubiri moja na nusu. Kazi safi, nikijisifu mwenyewe.

Jumatatu, 6 Oktoba
Msaragambo shambani kwangu. Watu arobaini na mabeleshi! Mbele yao nani? Hammou, na birika la chai. Amezoa tope kuanzia asubuhi, akinisihi nipumzike kwa sababu nina msiba. Sijawahi kuchukia chai kiasi hiki. Jasi bado mbichi, kwa hiyo nimeegemea tundu kutwa nzima, nikitoa maagizo kwa kidole. Hammou akauliza mbona mgongo wangu mweupe. Nikasema ni jasho, likikauka huwa hivyo. Alinitazama kwa huruma. Sanduku halijaonekana. Setti ananiuliza kila saa, nami kila saa namwambia karibu.

Jumanne, 7 Oktoba
Siku nyeusi. Sanduku limepatikana kichochoroni, chini ya makuti, mbele ya lango la Hammou. Limewekwa uwanjani pamoja na vitu vingine vilivyookotwa, kila mtu aje atambue chake. Nikaenda mbio. Nikamkuta Ami Said, mkuu wa waangalizi wa maji, amepiga magoti anapima sanduku kwa kiganja. Shubiri tatu, mara mbili ya tundu langu. Akauliza, taratibu, ni la nani, na lilitokaje shambani ikiwa lango lilikuwa limefungwa.

Nikasema si letu. Letu lilikuwa la kijani. Ami Said akafuta tope kwenye kifuniko, likatokea jina la Setti, kwa mwandiko wangu. Nikasema akina Setti ni wengi mjini.

Ndipo nikamwona Menna, amejifunika shuka lake jeupe, jicho moja tu nje. Jicho hilo nalijua.

"Ami, sanduku ni langu," akasema. "Tundu alilipanua huyu. Mimi namwita, yeye anapanua."

Akafungua mwenyewe. Tope tupu. Rangi nyekundu ya mazulia imechuja, imekula nyeupe yote. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatafuta kama kuna hata moja lililo zima. Halikuwepo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano, 8 Oktoba
Wazee wa msikiti wameamua. Hakuna kunisalimu, hakuna kuniuzia, hakuna kuhudhuria harusi yoyote ya nyumbani kwangu, mpaka nisimame baada ya sala nikiri mbele ya watu. Muuza mkate amegeukia ukuta. Setti amejifungia chumbani. Ni yeye atakayeolewa bila mgeni hata mmoja, kwa sababu yangu. Sijalia hivi tangu mama yangu afariki. Lakini nina mpango: nitakiri alfajiri. Huwa wapo wazee sita, wawili viziwi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Alfajiri msikiti umejaa mpaka kwenye viatu! Hammou alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, eti nisisimame peke yangu. Nikasema nilipanua tundu kidogo tu. Mtu wa nyuma akaniomba nipaze sauti. Nikasema nilipanua sana. Nilikuwa nimepanga nitoe machozi mawili matatu, yakaja yenyewe na yakakataa kukoma. Wamenisamehe. Harusi ipo, ila mazulia ndiyo hayapo. Menna anayafua kisimani tangu asubuhi na maji bado yanatoka mekundu. Nilimpelekea chai. Aliimwaga.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ami Said amekuja baada ya sala. Kwa kila zulia lililoharibika, nyumba moja itampa Setti jingine. Mke wa Hammou ametoa la kwanza, alilokuja nalo yeye mwenyewe akiwa bibi harusi. Nimelia tena. Watu gani hawa! Ami Said akatoa kalamu, akauliza yalikuwa mangapi.

Nikasema tisa.

Neno lilitoka lenyewe. Lakini hebu fikiria, saba kwa Setti, na mawili kwa sebule yangu, ambayo nayo imepata mafuriko. Nani ameumia? Ami Said ameandika tisa. Akasema alasiri atapita kwa Menna kuhakikisha, kwa sababu ndiye aliyeyafuma.

Menna hajanisemesha tangu Jumanne. Sasa atalazimika. Mke ni mke, hawezi kuniumbua mara mbili katika wiki moja. Nimevaa kanzu safi, nimeketi mlangoni namngojea Ami Said.