Toleo Jipya na Wakazi wa Spika

Leo nimeumbuka. Ile sauti ya gitaa niliyoisifia mbele ya bendi yangu ilikuwa kazi ya mende.

Nianze mwanzo. Mnajua nina kile kidude cha kidijitali kinachoiga sauti za amplifaya za zamani. Watengenezaji wametoa toleo jipya la programu yake. Bendi yetu nayo ina kidude kama hicho, na Dada Mwanaidi, kiongozi wetu, alisema hakigusi mpaka kwanza nijaribu toleo hilo kwenye changu. Ana sababu: ukishaliweka, sauti zote ulizohifadhi zinafutika, na kurudi nyuma hakuna. Keshokutwa tuna harusi Muheza.

Nikafanya kazi kwa utaratibu (mnanijua). Wiki iliyopita nilirekodi kwa toleo la zamani. Jana nikarekodi kwa jipya. Gitaa lile lile, wimbo ule ule, spika ile ile, dirisha limefungwa. Kwenye daftari niliandika hadi kiti nilichokalia.

Tofauti ilikuwa wazi! Toleo jipya lilikuwa na mkwaruzo mtamu, kama bendi za utotoni mwetu. Nikamtumia Mwanaidi ripoti ndefu. Nilimalizia hivi, na aibu hii ni yangu: "Safari hii wameitia mashine roho."

Leo asubuhi akaja kwangu Chumbageni kusikiliza, kidude cha bendi kwapani. Aliongozana na Mzee Kombo, fundi redio mstaafu, ambaye ndiye aliyenipa ile spika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, tuisikie hiyo roho."

Nikapiga, macho nimefumba (kosa la kwanza). Nilipofumbua, Mwanaidi alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Mzee Kombo alikuwa ameinama, sikio karibu na spika.

"Mkwaruzo unausikia, mzee?"

"Nausikia. Piga tena."

Nikapiga. Akabandika kiganja kwenye spika. Mkwaruzo ukakata. Akakiondoa, ukarudi.

"Nipe bisibisi."

Nikampa (kosa la pili). Kitambaa cha mbele kilipotoka tu, mende watatu wakachomoka!

"Wallahi roho imetoka!" Mwanaidi akapiga kelele, tayari yuko juu ya kochi langu na viatu vyake.

Mzee Kombo hakushtuka. "Spika hii ilichanika miaka ile ya foleni za sabuni," akasema. "Gundi haikuonekana mji mzima. Nikaiziba kwa karatasi ya mfuko wa saruji na uji mzito wa muhogo. Ilipokuja ruksa ya kuagiza bidhaa nje, spika mpya zikajaa madukani, lakini hii nilishaizoea. Sasa wapangaji wako wamekula uji wote. Karatasi inapepea."

"Lakini mzee, tofauti ya matoleo..."

"Tofauti ni wiki moja ya kula, mwanangu."

Mwanaidi akateremka, akachukua daftari langu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Kiti cha plastiki, cha bluu, mguu mmoja mfupi." Akanitazama. "Na mende umewaandika ukurasa gani, bwana mtafiti?"

Nikacheka kidogo. Nikamwambia afadhali kidude cha bendi hakijaguswa.

Hakucheka. "Nimeliweka jana, nilipomaliza tu kusoma ripoti yako. Ilinigusa sana."

Kwa hiyo sauti zetu zote za harusi hazipo. Ninavyoandika, Mzee Kombo yuko jikoni kwangu anakoroga uji wa muhogo wa kiraka kipya. Kikikauka ndipo tutajua toleo jipya linasikikaje. Mwanaidi anatengeneza sauti upya, moja baada ya nyingine, na hasemi na mimi.

Jambo moja bado. Mende walitoka watatu, nikaua wawili. Wa tatu nilimwona kwa macho yangu akiingia kwenye tundu la waya la kidude cha bendi, na mpaka sasa hajatoka. Mwanaidi hajui. Mkicheka, chekeni kimyakimya.