Alama Zangu 753 na Kiti cha Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye mtu mwaminifu kuliko wote duniani. Sijisifu. Simu ndiyo imesema. Asubuhi ujumbe umeingia kutoka kampuni ya mikopo: Ndugu Mteja, alama zako za mkopo ni 702. Kati ya 900! Shuleni sikuwahi kupata hata arobaini kati ya mia. Mwalimu wa hesabu alisema kichwa changu nimepewa cha kuvalia kofia tu. Angekuwa hai ningempigia simu. Yuko hai, ila hapokei.

Habari kubwa. Bosi anauza duka lake la kinyozi. Mgongo umechoka kwa kuinamia vichwa vya watu tangu mimi sijazaliwa. Anauza viti viwili vya kuzunguka, vioo, mashine, mpaka ndoana ya kutundikia makoti. Atakayeleta malipo ya kwanza Jumamosi kabla ya saa sita mchana ndiye mwenye duka. Tuko wawili tu wa kugombea: mimi na Mkasi. Huyu tunanyoa naye bega kwa bega. Anaitwa Mkasi kwa sababu ya jinsi miguu yake inavyopishana akitembea. Kazini hana maajabu.

Mkasi amesema akipata duka yeye, mimi nitafagia nywele. Nimemwambia akachague kabisa poda ya kupaka wateja wangu, maana hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Bosi akasema tunyamaze, mteja ana wembe shingoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya mikopo. Dada wa kaunta ana kucha safi na roho ngumu. Kasema mkopo wa kununulia biashara hutolewa kuanzia alama 750. Nikamuuliza hizo 48 zinauzwa wapi. Hakucheka. Kasema njia ni tatu: kulipa kwa wakati, kutokopa huku na huku, na subira. Ya kwanza nimeichukua. Ya tatu nimeiacha palepale kaunta.

Njiani nikapata wazo, nikasimama katikati ya barabara, nikapigiwa honi. Kama kulipa kwa wakati kunaongeza alama, basi kulipa kabla ya wakati kutazimwaga kama mvua! Nakopa kidogo asubuhi, narudisha mchana. Nakopa tena, narudisha tena. Kuna ada kila mara. Sawa. Hata shule ilikuwa na ada na haikunipa kitu.

Mkasi kaniuliza nani atamkopesha mtu kama mimi. Masikini, hajui. Jina langu linatafutwa! Mwaka juzi, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa kitambulisho na alama ya kidole, wasio na vitambulisho walinipangia foleni. Nilimsajilia kila mtu laini kwa jina langu, kwa soda moja. Nilikunywa soda mpaka meno yakauma. Mwisho mtambo ukakataa, ukasema jina limejaa. Mpaka laini yangu mwenyewe ilibidi Bibi aniwekee kidole chake. Nani mwingine mtaani jina lake limewahi kujaa?

Jumatano, 5 Machi

Alama 721! Mtambo unanielewa.

Ujumbe uliingia nikiwa naye dereva wa lori kitini. Nikausoma. Mashine nayo ikaendelea kusoma kichwa chake. Ikafungua barabara kutoka kisogoni mpaka utosini, pana, bila kona. Nikamwambia huo ndio mtindo wa mjini sasa. Akaniuliza mji gani, maana yeye anaifikia yote. Bosi akamnyoa upara bure, na pesa yake akaikata kwangu.

Hapo nikakwama. Mchana umefika, marejesho yanadai, mkopo wa asubuhi umeliwa na ada na upara, mfukoni kuna kitana. Nikichelewa, alama zinashuka. Zikishuka, Mkasi anakalia kiti cha Bosi na mimi nashika fagio.

Bahati nzuri Bibi alikuwa amenipa pesa za miwani nimpelekee fundi. Amezikusanya tangu mvua za mwaka jana kwenye kopo la maziwa, akiuza vitambaa anavyofuma kwa kupapasa. Nimeziazima tu. Ijumaa nazirudisha. Bibi hataona tofauti. Hili si neno la kejeli, haoni kweli.

Alhamisi, 6 Machi

738. Hata kutembea kwangu kumebadilika. Natembea kama mtu anayedaiwa na kulipa.

Mkasi kauliza kama alama zinaliwa kwa mchuzi au kavukavu. Nikamwambia atazame za kwake basi. Akabonyeza simu, akangoja, uso ukamshuka. Ujumbe ulisema: hakuna taarifa zako. Hajawahi kukopa maishani, anaweka akiba tu kama siafu! Sina mbavu. Nimemweleza taratibu kwamba mtu asiyewahi kudaiwa duniani hayupo, anadhani tu yupo. Akarudi kwa mteja wake. Nikamwonea huruma kidogo, halafu ikapita.

Jioni Bibi kauliza miwani imefikia wapi. Nikasema fundi anasaga vioo. Bibi akasema nimwambie asisage sana, visije vikaisha. Kisha akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Nikatunga. Akanibariki. Nikatoka nje kupunga upepo.

Ijumaa, 7 Machi

753!

Nimelia kidogo chooni. Kisha nikachukua kipande cha sabuni, nikaandika 753 kwenye kioo cha kinyozi, kubwa, wote waone. Akaingia mteja mgeni, akatazama kioo, akapapasa mfuko, akatoka. Alidhani ni bei. Bosi kanifutisha kwa shati langu.

Pesa za miwani zilizobaki baada ya ada si nyingi. Nimenunua shati jipya. Siwezi kwenda kuchukua mkopo mkubwa na shati lenye sabuni. Ni kwa faida ya Bibi pia. Kesho nikipata mkopo namnunulia miwani mbili, moja ya kuonea na nyingine ya kubadilishia.

Nimemwalika Bibi twende wote ofisini asikie mjukuu wake anavyoheshimiwa. Kauliza kama atapata kiti. Nikasema, Bibi, watakutandikia zulia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa ufupi, sijisikii vizuri.

Tumefika ofisini mapema. Shati linanata. Nimemkabidhi dada wa kaunta kitambulisho, nikaweka kidole kwenye mtambo. Mtambo ukalia vibaya. Nikakipangusa kidole, nikaweka tena. Ukalia vilevile. Dada akasoma kwenye kompyuta, akanitazama, akasoma tena. Kasema nina alama 212.

Nikamwambia kompyuta imeshika kichaa. Akaanza kunisomea, kwa sauti, watu wakisikia! Laini saba zina jina langu. Zote zimekopa. Hakuna hata moja iliyolipa. Ya fundi baiskeli. Ya muuza maji. Ya binamu wa mtu fulani ambaye hata sura simkumbuki, ila soda yake ilikuwa ya machungwa.

Nikamwonyesha simu yangu. 753 hii hapa, imeandikwa! Akatazama namba, akasema ndiyo, alama hizo ni halali, ila ni za mwenye laini, na mwenye laini ni mama wa miaka sabini na nne.

Bibi, pale kwenye benchi, akauliza kwani wanamtaja yeye.

Wakamletea mtambo alipokaa. Akaweka kidole mara moja. Ukaitikia kwa sauti tamu kabisa. Dada wa roho ngumu akasimama! Akamwita Bibi mama, akamletea kiti chenye mto na maji ya baridi. Akasema wateja kama yeye hawaonekani. Na Bibi hajawahi kukopa hata chumvi kwa jirani!

Nikamnong'oneza Bibi achukue mkopo, anipe mimi. Akaniuliza, kwa sauti ya watu wote, kama ningemlipa kwa jina langu au kwa lake. Akamuuliza dada maswali mengi: riba kiasi gani, akichelewa inakuwaje, akifa inakuwaje. Dada akamjibu yote, na akaongeza kwamba kiwango chao kinatosha nusu tu ya malipo ya kwanza ya duka. Kisha akampa karatasi asome kabla ya kuweka kidole, akauliza mama ameisahau wapi miwani yake. Bibi akasema iko kwa fundi, inasagwa. Akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama feni ya darini. Feni nzuri, mapanga matatu. Ikabidi dada amsomee yeye, ndipo Bibi akaweka kidole, akapewa mkopo.

Tukafika kinyozi dakika za mwisho. Mkasi alikuwa mbele ya Bosi na akiba yake yote kwenye mfuko wa plastiki, anahesabu mara ya pili kana kwamba zitazaana. Ilikuwa nusu. Bibi akauliza huyo anayehema ni nani. Nikasema ni Mkasi, hana kitu. Bibi akasema, mwanangu Mkasi, leta nusu yako hapa.

Duka limenunuliwa. Wenye duka ni Bibi na Mkasi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza chini ya utawala mpya. Bibi amekaa mlangoni na mkoba mapajani, anapokea pesa. Noti anaipapasa, anaitaja, hakosei. Mkasi amekalia kiti cha Bosi na kukizungusha bila mteja. Kanikabidhi fagio kwa mikono miwili, kwa heshima, mshenzi yule.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimefagia huku nafikiri. Jina langu limechafuka, sawa. La Mkasi je? Halina taarifa! Jina jipya kabisa, halijawahi kutumika, linakaa bure kama chumba cha wageni. Ninachohitaji ni kidole chake tu, na baada ya chakula cha mchana huwa anasinzia mdomo wazi. Nikipata laini moja kwa jina lake, nikakopa asubuhi na kurudisha mchana, kufikia mwezi ujao nina 800. Safari hii nitakuwa mwangalifu.

Asubuhi nimekopa kidogo kwa laini ya Bibi. Ilikuwa ya miwani, naapa. Ila njiani nimepita kwa mchora mabango, na duka linahitaji bango. Ameshaanza. Litakuwa na picha yangu nimeshika mashine, na chini yake 753. Alama za familia ni alama za wote.

Kwa hiyo hakuna kilichoharibika sana. Shati lipo. Kazi ipo. Mkasi ataota kitambi, atauza nusu yake.

Kimoja tu ndicho kilichoharibika kweli, nakiandika humu kwa kuwa najua mwenyewe hawezi kukisoma. Mchana Bibi aliomba asogezwe kwenye kioo, alitazame duka lake. Mkasi akamsogezea kiti. Akakaa pale, uso karibu ugusane na kioo. Kisha akasema duka zuri. Akasema na mimi nimependeza, nimesimama wima nyuma yake, na shati jipya linanikaa.

Nilikuwa mlangoni na fagio. Nyuma yake kulikuwa na koti la mteja, limetundikwa kwenye ndoana.

Nikaitikia, asante Bibi. Miwani yake haiko kwa fundi. Haijawahi kufika kwa fundi.